Gari linalovuta upande mmoja: tafuta chanzo kabla ya kulipia alaimenti

Gari likianza kuvuta upande mmoja, madereva wengi wa Malindi hulipeleka moja kwa moja kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa pembe za magurudumu, na mara nyingi hurudi na ugonjwa ule ule. Mashine ya alaimenti hupima pembe za magurudumu tu. Haioni tairi lililoharibika kwa ndani wala breki iliyokwama. Kwa hivyo jiulize kwanza gari linavuta lini: wakati wote, ukikanyaga breki tu, au unapokanyaga mafuta? Jibu ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia.

Kabla ya kushika spana, hakikisha kwamba kasoro ni ya gari na si ya barabara. Lami hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni, na kwa kuwa Kenya tunaendesha kushoto, hata gari zima kabisa litaelekea kushoto polepole ukilegeza usukani. Gari linalovuta kulia, yaani linalopanda mgongo huo, linatia shaka zaidi. Upepo nao una nguvu zake: msimu wa kusi, ukivuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, hulipiga gari kutoka upande wa bahari, ulio kulia kwako, na gari refu kama matatu husukumwa waziwazi. Jaribu basi asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, kwenye uwanja mpana ulio tambarare na usio na watu. Endesha polepole kwa mstari ulionyooka huku mikono ikigusa usukani bila kuukaza, kisha geuka urudi njia ile ile. Likivuta mkono ule ule kwenda na kurudi, ugonjwa ni wa gari. Mkono ukibadilika, uwanja ndio ulioinama.

Gari linalovuta wakati wote huanzwa kwenye matairi. Pima presha gari likiwa limelala usiku kucha, maana mwendo na jua la hapa huyapasha moto matairi na kupandisha kipimo. Presha inayotakiwa imeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari mengi madogo huwa kati ya psi 30 na 35. Gari huvutwa kuelekea upande wa tairi lenye presha ndogo, na si ajabu kujaza upepo kukamaliza shida yote. Hakikisha pia kwamba matairi mawili ya mbele ni ya saizi moja, ya aina moja, na yameisha kwa kiasi sawa.

Presha ikiwa sawa na gari bado linavuta, badilishanisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia kushoto, isipokuwa yana mshale unaoonyesha mwelekeo wa kuzunguka. Mvuto ukihamia upande wa pili, tairi mojawapo lina kasoro ya ndani, na hakuna alaimenti itakayoiponya. Ardhi yetu ni ya mchanga na jeki huzama, kwa hivyo weka ubao mpana chini yake, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, na usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Breki zinahitaji uangalifu zaidi, hasa huku pwani, ambako hewa ya chumvi huleta kutu mapema kwenye pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski. Kuna makosa mawili yanayochanganywa. Kalipa isiyoachia hushika gurudumu hata kama hukukanyaga, na gari huvuta kuelekea upande huo wakati wote. Kalipa isiyokamata huonekana unapofunga breki tu, na gari huvuta upande wa pili, ule ambao breki yake inafanya kazi. Katika kosa hili la pili, anayebadilisha pedi za upande unaovuta huwa anatibu mguu usiouma. Endesha kilomita chache bila kufunga breki kwa nguvu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski. Iliyo moto kuliko mwenzake ndiyo inayoshikwa. Inua gurudumu hilo na ulizungushe kwa mkono; likiwa gumu, fungua kidogo skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Likilegea hapo hapo, mpira wa breki, yaani bomba laini linalopitisha mafuta ya breki, huenda umeziba ndani na unayazuia kurudi. Lisipolegea, pini au pistoni ya kalipa imekwama. Pini husafishwa na kupakwa grisi ya breki inayostahimili joto, si grisi ya kawaida, na ukifungua mfumo wa mafuta ya breki ni lazima utoe hewa kabla ya kuendesha. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, mwachie fundi.

Gari linaloyumba unapokanyaga na kuachia mafuta mara nyingi lina bushi (mipira ya maungio ya chini ya gari) zilizochoka au bolijointi (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka) iliyolegea. Zibadilishwe kabla ya alaimenti, kwani pembe hazishiki juu ya vyuma vinavyocheza.

Hapo ndipo mashine inapofaa. Mwombe fundi karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na uangalie tofauti ya kemba (gurudumu kuinama ndani au nje; chanya ni juu kuinama nje) na kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu, mbele au nyuma) kati ya kushoto na kulia, kwa sababu gari huvuta kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi au kasta ndogo zaidi. Magari mengi madogo ya Kijapani hurekebishwa to peke yake, yaani jinsi ncha za mbele za magurudumu zinavyoelekea ndani au nje. Kemba ikiwa imepotoka, tafuta chuma kilichopinda baada ya shimo au ajali. Nati za magurudumu zikazwe kwa kupishana, gurudumu likiwa chini, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100; mwendo wa kufika Kilifi unatosha.