Bega likilalamika usiache banjo, punguza uzito wake kwanza

Watu wengi wakishavuka miaka 60 wanaipandisha banjo, kile chombo cha nyuzi chenye mwili wa duara kama ngoma, juu ya kabati wanasema vidole vimeisha, lakini ukiwauliza vizuri unakuta vidole bado vipo, kinachouma ni bega na mgongo. Banjo ya bluegrass, muziki wa nyuzi wa Marekani, yenye resoneta, yaani lile bakuli la mbao kwa nyuma, inafika kilo 5 na zingine zinapita hapo, maana ndani mara nyingi kuna ringi nzito ya chuma ambayo peke yake inazidi kilo moja. Mzigo wote huo unaning'inia bega moja saa nzima, hata kijana ataumwa.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote geuza hiyo uliyonayo uiangalie nyuma. Resoneta nyingi zinashikwa na skrubu nne za kufungua kwa vidole tu, ukizitoa bakuli linatoka na unasikia tofauti palepale. Sauti itapoa kidogo, haitapaa kama zamani, ila kwa kupiga nyumbani mi naona ni nzuri zaidi. Angalia tu ule ukingo wa chuma unaobaki pembeni usikuchome tumboni, weka kitambaa kinene.

Ukiamua kununua, tafuta ya mgongo wazi, isiyo na resoneta, yenye rimu, yaani lile duara la mwili, ya mbao tupu. Nyingi zina kilo 2 mpaka 3, na Deering Goodtime ya mgongo wazi ni kama kilo 1.8 hivi. Kama mkono wa kushoto unachoka kunyooka, ziko pia za shingo fupi, ya kawaida urefu wa uzi unaopigwa ni kama sm 66 na fupi zinashuka mpaka sm 60 au chini ya hapo, freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni, zinasogeleana, na ukiitune kwenye G ileile, mpangilio wa kawaida wa nyuzi za banjo, nyuzi zinalainika. Mwenye vidole vinene aijaribu kwanza dukani, huko juu kunabana.

Sasa hapa ndo pa kusoma taratibu. Banjo nzito ina usumbufu wake lakini ule uzito wa mwili wake unaisawazisha shingo, ukiondoa uzito shingo inaanza kuanguka, na mtu bila kujua anaibeba kwa mkono wa kushoto, baada ya wiki chache kidole gumba na kiwiko vinauma alafu anasema ni uzee. Sio uzee, ni mkao. Vaa mkanda hata ukiwa umekaa, mpana, wa ngozi ya upande wa kukwaruza unaokwama kwenye nguo, funga ncha moja kwenye ndoano ya pembeni karibu na shingo na ncha ya pili kwenye ndoano karibu na pale nyuzi zinapofungwa. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, nyayo zote mbili chini, kichwa cha shingo kiwe usawa wa macho au karibu, kisha achia mikono yote miwili. Shingo ikibaki palepale umefanikiwa, ikishuka kaza mkanda na weka kitambaa kisichoteleza pajani, rudia mpaka ikae, usianze kupiga kabla.

Nyuzi nazo zinasaidia sana. Anza na seti nyepesi ya chuma, ile ambayo uzi wa kwanza ni 9, yaani unene wa inchi 0.009, na kama bado zinakata vidole nenda nailoni, ni laini mno kubonyeza. Nailoni haina kitanzi cha tayari kwa hiyo unaifunga fundo mwenyewe, na ni nene kwa hiyo vijia vya kwenye daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi, pengine vitanuliwe, hiyo mpelekee fundi na umwambie aangalie na kimo cha nyuzi, zikiwa juu sana utaumia na zikiwa chini sana zitakwaruza freti. Njia nyingine ni kushusha nyuzi zote toka G mpaka F, ukitaka kupiga na wenzako unaweka kepo, kibanio cha kubana nyuzi shingoni, freti ya 2, na uzi wa tano, ule mfupi, unaubana freti ya 7 kwenye kijimsumari chake kwa sababu kepo ya kawaida haiushiki.

Mkono wa kulia, ushauri wangu ni klohama. Vidole vimejikunja, kucha inashuka kwenye uzi, gumba linamalizia uzi wa tano, kazi inafanywa na kifundo na mkono sio kila kidole kivyake, kwa hiyo viungo vikikakamaa bado unapiga. Na ni upigaji wa asili kabisa, akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia, yenye mwili wa kibuyu, inapigwa kwa kucha kushuka hivihivi.

Anayeanza asiogope kodi, yaani nyuzi kadhaa zinazolia pamoja. Kwenye G wazi usipobonyeza kitu umeshapata G, D7 ni vidole viwili tu, uzi wa pili freti ya 1 na wa tatu freti ya 2, na C unalaza kidole kimoja freti ya 5. Hapo nyimbo kibao zinapigika.

Loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kabla, piga dakika kumi pumzika, rudi tena baadaye. Maumivu ya kuchoka yanaisha ukipumzika, ila ganzi au kuchomachoma kwenye vidole usizoee, acha na umwone daktari. Sauti ikichoma masikio, sukuma kitambaa kati ya ngozi na ile fimbo ya ndani, karibu na daraja.

Na boksi gumu mara nyingi lina uzito kuliko hiyo banjo yenyewe nyepesi, chukua begi laini la kuvaa mgongoni kwa mikanda miwili, na nyumbani itundike ukutani usawa wa kifua ili usiiname kuichukua.