Somo la Majilio: Biskuti za siagi za mashine ya mkono

Kila Desemba inapoanza, kuna mtu ananiletea mashine yake ya biskuti, lile bomba la mkono la kubania donge, akisema imekufa. Naifungua, naiosha, naangalia meno ya ule mti wa kusukumia, naikuta nzima. Kisha namuuliza: trei uliipaka mafuta? Karibu kila mara jibu ni ndiyo. Somo hili naliandika kwa ajili ya wote walioificha mashine nyuma ya kabati wakidhani waliuziwa kitu kibovu.

Nazungumzia zile biskuti ndogo zenye umbo la ua, nyota au mti wa Krismasi, zinazovunjika mdomoni kabla hujazitafuna. Wajerumani wanaziita Spritzgebäck. Jina linatokana na neno spritzen, yaani kitu kuchomoka kwa kusukumwa kwenye tundu. Kwao huokwa katika Majilio, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, na Waswidi na Wanorwe nao wanazo. Mimi naishi Pasua, hapa Moshi, na naoka katika Majilio vilevile kwa sababu ya kwangu: ikishapita tarehe 20 watu wanapanda kutoka Dar kuja kuhesabiwa, yaani kusherehekea Krismasi nyumbani na ukoo wao, nyumba inajaa, na ukiwa na sufuria la mtori la watu ishirini jikoni hupati dakika kumi za kusimamia trei.

Vitu vya kuandaa

Siagi ya maziwa gramu 250, isiyo na chumvi. Sukari nyeupe laini gramu 140. Kama yako ina chembe kubwa, itwange kidogo kwenye kinu au isage kwenye blenda, kwa sababu chembe kubwa hukwama kwenye matundu. Yai moja. Vanila kijiko kimoja cha chai. Chumvi nusu kijiko cha chai. Unga wa ngano gramu 310, uliochungwa. Utapata biskuti 65 hadi 75.

Pima kwa mzani. Nasisitiza hili kwa sababu kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliomiminwa taratibu havilingani hata kidogo, na biskuti hizi hazisamehi. Unga ukizidi, donge linakuwa gumu na mkono wa mashine unaweza kuvunjika. Ukipungua, maua yanatandaa kama chapati.

Utaona sijataja beking pauda. Iache. Kazi yake ni kuumua, na biskuti ikiumuka, mistari ya ua inafutika. Shangazi yangu aliyenifundisha alikuwa anaongeza robo kijiko kwa mazoea, na maua yake siku zote yalikuwa na kingo za mviringo. Mimi niliacha, na tofauti inaonekana kwa macho.

Kuchanganya

Siagi itoke kwenye friji mapema. Hapa ndipo Moshi na Arusha zinapoachana. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki hata 1,000, na mchana wa Desemba kwetu joto hupita nyuzi 30. Siagi huanza kuyeyuka kabisa ikikaribia nyuzi 32. Kwa hiyo Moshi ukiiacha mezani kwa muda wa saa mbili utakuta mafuta. Mimi naoka alfajiri, saa kumi na moja, na siagi naitoa nusu saa kabla. Ibonyeze kwa kidole: kidole kiingie bila nguvu, lakini siagi isiwe inang'aa. Ikishang'aa, imepitiliza, irudishe kwenye friji dakika kumi.

Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka vishikane na rangi ianze kufifia. Usiendelee mpaka iwe nyeupe kama ya keki, kwa sababu hewa nyingi nayo hutandaza biskuti. Tia yai, vanila na chumvi, changanya. Unga uingie mara mbili, na ukishapotea ndani, acha. Donge sahihi ni laini kama udongo wa kufinyangia, halinati sana mkononi. Na usilirudishe kwenye friji. Najua biskuti nyingine zinataka kupozwa, hizi hapana. Donge lililoganda halipiti kwenye tundu.

Kubana

Washa oveni nyuzi 180 kabla hujajaza mashine. Jaza bomba kwa kushindilia kidogo kidogo ili hewa isibaki katikati, weka kisahani cha umbo unalotaka, funga.

Sasa trei. Iwe tupu. Isipakwe mafuta, isitandikwe karatasi, isinyunyizwe unga. Na iwe ya baridi. Sababu yake ni hii, na ukiielewa umemaliza somo: mashine haikati donge. Haina kisu. Inalisukuma tu mpaka liguse trei, na trei ndiyo inayolishika wakati wewe unainua mashine. Bati likiwa na mafuta, donge halina pa kushika, linarudi juu na mashine. Bati likiwa na joto, siagi inayeyuka palepale na inakuwa kama umelipaka mafuta mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilitupa donge zima kwa sababu ya trei niliyoipaka mafuta kwa nia njema, na siagi siyo kitu cha kutupa.

Simamisha mashine wima, mdomo uguse bati. Bana mkono mara moja, hesabu moja, mbili, kisha inua moja kwa moja bila kuzungusha. Biskuti mbili tatu za kwanza zitatoka nusu nusu kwa sababu bomba bado halijajaa sawasawa. Zikwangue na uzirudishe ndani. Acha nafasi ya sentimita mbili tu kati ya moja na nyingine, hazitanuki sana.

Oka dakika 8 hadi 10. Usisubiri ziwe kahawia juu. Kingo za chini zikianza rangi ya dhahabu, toa, ziache kwenye trei dakika mbili zikaze, kisha zisogeze kwa kisu bapa. Kabla ya mkupuo wa pili, pitisha trei kwenye maji ya bomba, ikaushe kabisa, ndipo ubane tena. Mwenye trei mbili afanye zamu.

Maswali ya wanachama

Swali, Sakina, Arusha: Shikamoo mama. Mimi asubuhi huku baridi kali, donge langu linakuwa gumu mpaka mkono unauma. Niongeze maziwa?

Marahaba mwanangu. Jaribu kwanza joto, maziwa baadaye. Weka bakuli la donge juu ya sufuria yenye maji ya vuguvugu, siyo ya moto, dakika tatu, ukiligeuza kwa mkono. Likiendelea kuwa gumu hata baada ya kupata joto, basi unga ulizidi, na hapo kijiko kimoja cha maziwa kinaruhusiwa. Usiyeyushe siagi kwenye jiko ili kuokoa muda. Ikishayeyuka hairudi kuwa ile ya mwanzo.

Swali, Kiboriloni: Sina oveni, nina jiko la mkaa. Inawezekana?

Inawezekana sana, nimeoka hivyo miaka mingi. Chukua sufuria kubwa nzito isiyo na mpini, mwaga mchanga mkavu chini kimo cha vidole viwili, panga mawe matatu madogo, juu yake sahani ya bati iliyo tupu na ya baridi yenye biskuti zako. Kabla ya kuweka sahani, pasha sufuria ikiwa imefunikwa dakika 15. Mkaa uwe kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Moto wa chini ndio unaounguza, kwa hiyo ukikosea, kosea kwa kupunguza wa chini. Funua baada ya dakika 8 uangalie, ukikung'uta majivu kwanza yasidondokee ndani.

Swali, Usa River: Dada, naweza kutumia Blue Band?

Unaweza, na umbo litakaa vizuri tu, ila hiyo ni majarini, siyo siagi, na ladha yote ya biskuti hizi inatoka kwenye siagi. Ukiitumia, usitie chumvi, maana imo tayari. Ushauri wangu kwa anayebana matumizi: nusu siagi, nusu majarini. Utaisikia siagi bado.

Swali, Ngaramtoni: Mashine sijaipata dukani. Niache tu?

Usiache. Mimi yangu niliipata kwenye soko la mitumba la Memorial, hapa Moshi, ikiwa na visahani vyake vyote, kwa hiyo pita huko kwenye vyombo. Wakati unatafuta, tumia mashine ya tambi. Weka kile kisahani chenye tundu la nyota, bana mstari mrefu juu ya trei, kata vipande vya urefu wa kidole. Nchini Ujerumani kuna nyumba nyingi zinazotumia mashine ya kusagia nyama yenye kipande maalumu mbele, na zinatoka vipande virefu vivyo hivyo. Ladha ni ileile.

Swali, Majengo, Moshi: Mjukuu wangu yai linamdhuru. Nifanyeje?

Toa yai, weka vijiko vitatu vya chakula vya maziwa baridi. Zitakuwa tepetepe zaidi zikiwa za moto, ziache zipoe kwenye trei mpaka mwisho. Na mashine uioshe vizuri kwanza, bibi, kama iliwahi kupita donge lenye yai. Ikaushe palepale isibaki na maji kwenye meno.

Swali, Njiro: Nataka ladha nyingine tofauti na vanila.

Iliki, nusu kijiko cha chai, iliyotwangwa siku hiyohiyo. Kwangu hakuna inayoishinda. Ukitaka za chokoleti, punguza unga gramu 30 na uweke kakao gramu 30. Ganda la limau lililokwanguliwa pia ni zuri, ila likwangue laini sana lisizibe matundu.

Swali, Himo: Nataka kumpelekea mwanangu Dar kwa basi. Zitafika nzima?

Zitafika ukizipoza kabisa kabla ya kufunga, maana zikifungwa na joto zinatoa jasho na kulainika. Tumia kopo la bati, tandika karatasi kila tabaka, jaza mpaka juu kabisa zisipate nafasi ya kucheza, na pengo likibaki lizibe kwa karatasi iliyokunjwa. Kopo likiwa linafunga vizuri zinakaa wiki mbili hadi tatu. Mwambie dereva aliweke juu pamoja na mabegi madogo, siyo kwenye buti karibu na injini.