Kalavati la kijijini: maji yapite, na kambale nao wapite

Wanangu wa Lindi na Mtwara, mnakumbuka kimbunga Hidaya cha Mei 2024, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga? Sasa mkijenga kalavati, yaani njia ya maji chini ya barabara, kwenye kijito cha kwenu msitupie bomba moja jembamba alafu mkasema tayari. Kwanza shuka mtoni na tepu, pima upana ukingo hadi ukingo pale maji yanapofika mto ukijaa, pima sehemu kadhaa, tena mbali na kivuko cha zamani maana pale pameshaharibika. Kalavati lizidi upana huo, angalau mara 1.2, na boksi moja pana la zege ni bora kuliko mabomba matatu, kuta za katikati zinanasa magogo, maji yanatafuta pembeni yanabeba tuta lote la udongo linalobeba barabara. Lizamishe, sakafu yake iwe chini ya kitako cha mto, na juu yake kuwe na mchanga na mawe kama ya mto wenyewe, mteremko ule ule.

Kosa ninaloliona sana ni mdomo wa kutokea kuning'inia, maji yanadondoka, kambale wanajazana hapo chini wanahangaika, watoto wanawaokota kwa ndoo, kitoweo safi ila wa kwenda kutaga juu hafiki hata mmoja. Na tuta liachie sehemu moja chini kidogo, ijengwe kwa mawe, mafuriko yakizidi yapitie hapo.