Jinsi ya kubuni mashine inayojiendesha ya kupima DNA na RNA

Kabla ya kuchagua mota, skrini au umbo la kasha, chora njia itakayopitwa na sampuli tangu inaingia mpaka majibu yanatoka. Sababu yake ni ya hesabu. Tyubu ya PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa kukipasha na kukipoza) yenye mikrolita 25, ikimaliza mizunguko 40, inaweza kuwa na nakala bilioni 100 za kipande kinachotafutwa. Hizo ni nakala bilioni 4 kwa kila mikrolita, na milioni 4 kwa nanolita moja, yaani kitone chenye kipenyo cha milimita 0.12 hivi. Kipimo chenyewe kimetengenezwa ili kione hata nakala kumi. Kitone hicho kimoja kikitua kwenye chupa ya vitendanishi (kemikali za kipimo), kila sampuli itakayofuata itatoka chanya.

Ndiyo maana tyubu ikishafungwa kwa ajili ya PCR haifunguliwi tena, si ndani ya mashine wala karibu nayo. Majibu yasomwe kwa mwanga tyubu ikiwa imefungwa. Mkono unaobeba sampuli usipite juu ya vitendanishi vilivyo wazi, hata kama njia hiyo ni fupi zaidi. Feni ya kupoza sehemu ya PCR iwe na chumba chake na itoe hewa nyuma ya mashine. Feni ikipuliza juu ya meza ya kazi, inasambaza kila kilichoruka. Taa ya UV ya nanomita 254 husaidia kati ya kazi na kazi, lakini haifiki penye kivuli, kwa hiyo usiitegemee kurekebisha mpangilio mbaya.

Kutoa DNA kwenye sampuli

Njia inayokubali mashine vizuri ni ya chembe za sumaku zilizopakwa silika. Una chaguo mbili: sumaku ikae na pipeti ihamishe vimiminika, au vimiminika vikae na fimbo za sumaku zilizovikwa soksi ya plastiki zihamishe chembe. Kwa mashine ya sampuli chache, tuseme 8 hadi 32, chagua ya pili. Pipeti hugusa sampuli mara chache zaidi, mabaki ya kioshi hupungua, na vitu vya kuharibika ni vichache.

Mpangilio wa kuanzia: mikrolita 200 za sampuli, mikrolita 20 za proteinezi K (kimeng'enya kinachovunja protini), na bafa ya kupasulia seli yenye guanidini thiosaianeti, kwa nyuzi 56 dakika 10. Ongeza isopropanoli na chembe, changanya dakika 5, kusanya chembe, osha mara mbili kwa ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, kausha, kisha toa DNA kwenye mikrolita 50 hadi 100 za bafa ya Tris yenye pH 8.0 hadi 8.5, ikiwa na joto la nyuzi 60 hivi.

Hatua inayoangusha mashine nyingi ni kukausha. Tazama rundo la chembe kwa karibu. Likiwa linameta, bado lina ethanoli, na ethanoli hiyo itazuia polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA kwenye PCR. Likififia mmeto bila kupasuka, limefika. Likianza kuwa na nyufa, limekauka kupita kiasi na DNA, hasa ya vipande virefu, itagoma kutoka. Mashine haina jicho la kuona hayo, kwa hiyo muda wa kukausha upimwe chumba kikiwa na joto na unyevunyevu wa aina mbalimbali, au uweke kipasha joto kidogo ili hali ya hewa ya nje isiamue matokeo yako.

Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida hupoteza nguvu zikizidi nyuzi 80, basi zitenganishe na vipasha joto. Fimbo ikitoka kwenye kimiminika, iinuke polepole, milimita chache kwa sekunde. Ikiharakishwa, mvutano wa uso wa kimiminika huzivua chembe na kuziacha nyuma, na mavuno hushuka bila mashine kutoa onyo lolote.

Tahadhari ya uhai: guanidini thiosaianeti ikikutana na dawa zenye klorini hutoa gesi ya sumu. Pipa la taka la mashine na maelekezo ya usafi lazima vifanye kosa hilo lisiwezekane. Andika onyo juu ya pipa lenyewe, maana kitabu cha maelekezo hakikai karibu na mtu anayefanya usafi.

Pipeti na mienendo

Meza ya kazi ifuate vipimo vya kawaida vya sahani, yaani trei zenye vishimo vya sampuli: milimita 127.76 kwa 85.48, na umbali wa milimita 9 kati ya vishimo vya sahani ya 96. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, ikizungusha skrubu inayosogea milimita 8, inatoa milimita 0.04 kwa hatua, na hiyo inatosha. Kinacholeta shida ni sahani iliyopinda na ncha ya pipeti isiyokaa wima, kwa hiyo fundisha kila mashine nafasi zake yenyewe, na weka enkoda (kihisi kinachofuatilia mota imezunguka kiasi gani) ili mota ikiruka hatua mashine isimame badala ya kuendelea gizani.

Ethanoli hudondoka kutoka kwenye ncha kwa sababu mvuke wake huongeza shinikizo la hewa iliyo juu yake. Vuta na kurudisha mara tatu kwanza ili hewa hiyo ishibe mvuke, kisha malizia kwa kuvuta mikrolita 5 za hewa chini ya kimiminika kabla ya kusafiri. Kwa vimiminika vizito, vuta taratibu na usubiri sekunde moja kabla ya kuinua ncha.

Kihisi cha usawa wa kimiminika kinachotumia ncha nyeusi zenye kaboni hufanya kazi nzuri mpaka kikutane na povu. Hapo huliona povu kama kimiminika, na pipeti huvuta hewa. Linganisha usawa uliohisiwa na ujazo unaotarajiwa, na fuatilia shinikizo wakati wa kuvuta. Mkunjo wa shinikizo ukibaki bapa, pipeti imevuta hewa.

Usahihi upimwe kwa mizani: maji kwa nyuzi 20 yana miligramu 0.998 kwa mikrolita. Kwa ujazo mdogo sana tumia rangi na kipima mwanga, kwa kuwa maji hukauka wakati mizani bado inatulia.

Joto

Tumia bamba la alumini juu ya elementi za Peltier (vipande vinavyopasha au kupoza kwa umeme), likipanda nyuzi 95 na kushuka 60, pamoja na kifuniko cha nyuzi 105 kinachokandamiza tyubu. Kifuniko kikiwa na joto bila mkandamizo, tyubu hazikai sawasawa na vishimo vya pembeni huchelewa. Kihisi kilicho ndani ya bamba hakikuambii joto la kimiminika. Ingiza waya mwembamba wa thamokapo (kihisi cha joto) ndani ya tyubu yenye ujazo halisi, pima ucheleweshaji, kisha uuingize kwenye kidhibiti. Tofauti kati ya kishimo na kishimo isizidi nusu nyuzi.

Elementi za Peltier hufa kwa uchovu wa viungo vya lehemu, kwa sababu kila mzunguko huzitanua na kuzibana. Nunua zilizotengenezwa kwa kazi ya mizunguko, zikaze kwa skrubu zenye washa za springi kwa nguvu sawa pande zote, na programu ipime upinzani wao kila siku. Ukianza kupanda, badilisha kabla hazijafa. Weka pia fyuzi ya joto isiyotegemea programu hata kidogo.

Mwanga

Rangi ya FAM, ambayo hung'aa kadiri nakala zinavyoongezeka, hufyonza mwanga karibu na nanomita 495 na kuutoa karibu na 520. Tumia LED ya buluu, kichujio kwenye LED na kingine mbele ya kihisi. Washa na kuzima LED kwa mapigo, na toa usomaji wa giza kwenye usomaji wa mwanga, la sivyo mwanga wa chumba utaingia kwenye hesabu. Mkunjo wa mwanga ukiruka ghafla juu au chini kisha ukaendelea kama kawaida, hicho ni kiputo cha hewa kwenye tyubu. Rangi tulivu kama ROX, ambayo mwanga wake haubadiliki nakala zikiongezeka, hurekebisha sehemu ya tatizo hilo.

Kuijaribu mashine

Anza na mfululizo wa sampuli, kila moja ikiwa na nakala pungufu mara kumi kuliko iliyotangulia. Chora mzunguko ambao kila sampuli inaanza kuonekana dhidi ya logi ya idadi ya nakala. Mteremko wa mstari huo uwe karibu na -3.32. Kati ya -3.1 na -3.6 unakubalika. Ukiwa nje ya hapo, chunguza ethanoli iliyobaki kabla ya kulaumu vitendanishi.

Kisha fanya jaribio la drafti: jaza sahani nzima kwa kupishanisha sampuli chanya zenye nakala milioni moja au zaidi na sampuli hasi, kama miraba myeusi na myeupe. Rudia siku kadhaa. Hasi ikigeuka chanya, usiishie kuhesabu, tazama ilipo. Zikiwa zimezunguka chanya moja yenye nguvu, uchanganyaji unarusha matone: punguza kasi ya fimbo au ongeza kina cha vishimo. Zikifuata safu moja, chaneli ya pipeti hiyo inavuja au inadondosha. Zikitawanyika bila mpango na zote zikichelewa kuonekana, baada ya mzunguko wa 35, shuku vitendanishi vilivyochafuliwa au nakala za PCR zilizotoroka, kisha endesha sahani ya maji matupu kwa chupa mpya za vitendanishi. Sahani hiyo ikitoka safi, chupa za zamani ndizo zilizochafuka. Ikibaki na chanya, tatizo limo ndani ya mashine yenyewe, na pa kuanzia kutafuta ni mahali ncha zilizotumika zinapodondoshewa.