Mke na mume mnahama nchi kutokea Kigoma: kazi za nyumbani kabla ya kupanda ndege

Mwongozo huu ni wa wenza walioko Kigoma ambao mmoja amepata kazi au chuo nje na mwingine anamfuata. Walioko Tabora wataukuta unawafaa karibu wote. Mifano ya sheria za ugenini nimeitoa Ujerumani na Uingereza, maana huko ndiko maswali yanakotoka kila mara. Dar es Salaam mnaenda kwa ajili ya ubalozi, alama za vidole na vipimo tu. Mengine yote yanamalizika mkiwa kwenu, na yakimalizika vibaya mtalipa nauli ya kwenda Dar mara mbili kwa kosa la herufi moja.

Hatua ya 1: Gaweni kazi

Mmoja ashike karatasi zote, za kwake na za mwenzake. Mwingine ashike nyumba, fedha na ndugu. Wote wawili mkishika karatasi, kila mmoja atadhani mwenzake ndiye aliyelipia ile namba ya malipo inayoanza na 99, na siku mnayostuka namba imeshakwisha muda. Namba ya malipo ikitoka, ilipiwe siku hiyohiyo, na ujumbe wa risiti upigwe picha. Nunueni kaunta buku moja, muandike humo kila ofisi mliyokwenda, tarehe na mlichoambiwa. Mara moja kwa wiki kaeni mlisome pamoja, dakika ishirini zinatosha.

Hatua ya 2: Majina yalingane kila mahali

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea, kwa hiyo someni polepole.

Tandikeni mezani kila karatasi yenye jina lenu: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya shule na chuo, pasipoti ya zamani kama ipo, kadi ya benki. Chora jedwali. Kila karatasi ipate mstari wake, na nguzo ziwe jina la kwanza, la kati, la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama. Nakili herufi kwa herufi kama zilivyoandikwa, hata kama unajua ni kosa. Kazi hii aifanye mwenzako kwenye karatasi zako, nawe ufanye kwenye zake. Jina lako mwenyewe jicho hulisoma lilivyo kichwani, haliioni karatasi.

Kwetu tofauti huwa za namna chache zinazojirudia. Khadija na Hadija. Shabani na Shaaban. Ramadhani na Ramadhan. L na R kugeuzana kwenye majina ya Kiha. Jina la babu kuwepo NIDA na kukosekana kwenye cheti cha kidato cha nne. Herufi moja yenye nukta mahali ambapo karatasi nyingine ina jina zima.

Mahali pa kuzaliwa pana lake. Wilaya za Buhigwe, Kakonko na Uvinza zilianzishwa mwaka 2012. Aliyezaliwa Buhigwe zamani ana cheti kinachosema Kasulu, wa Kakonko kinasema Kibondo, na wa Kaliua mkoani Tabora kinasema Urambo. Hilo si kosa, na msihangaike kulirekebisha. Andikeni sentensi moja kwenye barua ya maelezo kwamba wilaya iligawanywa mwaka 2012, inatosha.

Tarehe ikaguliwe kwa namba ya NIDA yenyewe: tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikipishana na cheti cha kuzaliwa, anzeni na tatizo hilo kabla ya la herufi. Kupishana tarehe kunatiliwa shaka kuliko kupishana herufi, na marekebisho yake yanadai ushahidi mwingi zaidi.

Sasa amueni karatasi ipi itakuwa msingi. Wengi watakwambia cheti cha kuzaliwa. Mimi nasema inategemea nani anahama kwa sababu gani. Kama mmoja wenu anakwenda kwa vyeti vyake, tuseme ni muuguzi au anakwenda kusoma, basi msingi wake uwe jina la vyeti vya shule. Hayo ndiyo magumu kuliko yote kubadilika, na mwajiri au chuo tayari wameliandika kwenye barua yao. Mengine yafuate hilo. Anayemfuata achukue cheti cha kuzaliwa kuwa msingi.

Mpangilio wa kurekebisha ni huu, na usiruke: cheti cha kuzaliwa kwanza, huko RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na ndoa), kisha NIDA, kisha pasipoti, mwisho benki. Fomu ya pasipoti inaanzia kwenye namba ya NIDA. Ukiomba pasipoti kabla NIDA haijarekebishwa, kosa linahamia kwenye kitabu kipya na unalilipia ada nyingine.

Kuna dawa mbili, msizichanganye. Kiapo kinaeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, hakibadilishi chochote. Kinafaa kwa herufi kupishana au jina la kati kukosekana. Hati ya kubadili jina inabadilisha kweli, inaandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hiyo ndiyo NIDA wataitaka kama jina limekuwa jingine kabisa.

Kiapo kisomeni kabla ya kusaini, tena kwa sauti, mmoja akisoma na mwingine akiwa ameshika vyeti. Kosa linalorudisha viapo vingi ni hili: mchapaji anaona "Hadija" mahali pamoja na "Khadija" pengine, anadhani ni kosa la uchapaji, anamsaidia mteja kwa kuzifanya zote "Khadija". Kiapo kinatoka kikisema kwamba Khadija na Khadija ni mtu mmoja, na hakina kazi tena. Kila jina liandikwe kama lilivyo kwenye karatasi yake, na pembeni yake namba ya karatasi hiyo. Kiwe na muhuri na saini ya kamishna wa viapo, na tarehe yake itangulie tarehe ya maombi ya viza. Toeni nakala halisi tatu kila kimoja, maana nakala halisi moja itabaki ubalozini.

Na tafadhali, vyeti visipakwe plastiki. Anayehakiki anataka kuugusa muhuri na kuona nyuma ya karatasi. Cheti kilichopakwa plastiki hukataliwa, na kuibandua plastiki huondoka na wino. Nunueni faili lenye mifuko ya nailoni, muvichomeke humo.

Hatua ya 3: Cheti cha ndoa

Cheti chenye maua cha kanisani, cha kutundika ukutani, siyo kinachotakiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawapa viongozi wa dini wenye leseni mamlaka ya kufungisha na kusajili ndoa, na ndoa hiyo ina cheti chake cha serikali chenye namba. Hicho ndicho mnachokitafuta. Waliofunga kwa sheikh au padri na hawana cheti hicho warudi kwa aliyewafungisha waulize kama ndoa iliandikwa kitabuni na kupelekwa kwa msajili. Kisha mfuatilie RITA.

Walioishi pamoja bila kufunga wanashikilia kifungu cha 160 cha sheria hiyo, kwamba waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi hudhaniwa kuwa mke na mume. Mahakamani hapa kina uzito. Ubalozi wa Ujerumani hauwapi viza ya mwenza kwa kifungu hicho, wala kwa barua ya mahari. Uingereza wanawapokea wenza wasiooana waliokuwa pamoja miaka 2 au zaidi, ila kwa ushahidi wa uhusiano wenyewe, si kwa kifungu hiki. Fungeni kwa msajili wa serikali, ofisi ya mkuu wa wilaya. Kumbukeni kuna tangazo la siku 21 kabla ya kufunga, kwa hiyo msiache hadi mwezi wa mwisho.

Mke asibadili jina la ukoo sasa. Sheria haimlazimu, na cheti cha ndoa kinatosha kuwaunganisha. Akibadili, atairudia hatua ya 2 yote.

Hatua ya 4: Pasipoti

Maombi yanaanzia mtandaoni, kisha mnakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kila mmoja na zake. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na kitabu kinadumu miaka 10.

Kigoma ni mkoa wa mpakani, na maswali ya uraia wa wazazi ni mengi kuliko utakayoulizwa Morogoro. Nendeni na vyeti vya kuzaliwa vya wazazi au viapo vyao, NIDA zao, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji walikozaliwa. Mzazi akiwa hai na ana nguvu, aandaliwe kupigiwa simu. Majibu ya mume, mke na wazazi kuhusu kijiji cha asili yafanane. Ongeeni kabla, maana mwingine atasema Manyovu na mwingine Munanila, wote wakiwa wakweli.

Picha za viza zipigwe tofauti. Kwa Ujerumani ni milimita 35 kwa 45, nyuma pawe peupe au kijivu hafifu. Mwambieni mpiga picha aondoe lile pazia la bluu.

Hatua ya 5: Lugha na vipimo

Anayemfuata mwenza Ujerumani kwa kawaida anatakiwa kuwa na cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa. Mtihani wa taasisi ya lugha ya Goethe wa ngazi hiyo ni alama 100, kufaulu ni 60. Mwenza wa mwenye Kadi ya Bluu ya Ulaya (kibali cha kazi cha wenye elimu ya juu) amesamehewa. Anayehitaji aanze siku barua ya kazi inapofika. Saa moja kila jioni baada ya chakula, mwenzake akimuuliza maswali, inashinda saa nne za Jumamosi.

Uingereza, kwa anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6, wanataka cheti cha kifua kikuu, nacho kinadumu miezi 6 tu. Msipime mapema mno. Chanjo ya homa ya manjano inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, na kadi yake ni ya maisha.

Hatua ya 6: Safari ya Dar

Unganisheni miadi yote katika wiki moja. Ninachopendekeza ni basi hadi Dodoma, mlale, kisha SGR hadi Dar. Treni ya zamani kutoka Kigoma ni rahisi na inabeba mizigo, ila masika reli kati ya Gulwe na Kilosa husombwa na maji. Mwenye miadi ya ubalozi asiitegemee mwezi wa tatu hadi wa tano. Mfike siku mbili kabla. Ada ya viza ya muda mrefu ya Ujerumani ni yuro 75 kwa mtu mzima.

Hatua ya 7: Nyumba na vitu

Viza haijatoka, kitanda hakiuzwi na barua ya kuacha kazi haiandikwi. Anzeni na visivyotumika kila siku: kabati la vyombo, makochi, redio kubwa. Friji, jiko na godoro vitoke wiki ya mwisho. Ndugu akisema anataka friji, andikeni jina lake kwenye kaunta buku na bei, au andikeni zawadi. Maneno ya mdomo juu ya friji huvunja undugu.

Kodi ya nyumba ndiyo inayouma. Mwenye nyumba anataka miezi 6, nanyi hamjui kama mtakuwepo. Mwendeeni mapema, wote wawili, mwombeni mlipe mwezi kwa mwezi hata kwa kuongeza kidogo. Ongezeko la miezi mitatu ni dogo kuliko kuacha kodi ya miezi minne nyuma.

Mkiuza kiwanja ili kuonyesha fedha benki, mkataba wa mauziano uambatanishwe na taarifa ya akaunti. Milioni kadhaa zikiingia kwa siku moja bila maelezo, afisa wa viza anadhani mmekopeshwa za kuonyesha tu. Kama mna nyumba mnayoiacha tupu, mpeni mtu kazi ya kununua umeme kila mwezi, kwani kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU na isipokatwa hugeuka deni.

Hatua ya 8: Begi la chakula

Nyama na vitu vya maziwa haviingii Umoja wa Ulaya, hata kidogo. Samli ni maziwa, iacheni. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo dagaa na migebuka mikavu haina tatizo. Nunueni dagaa Kibirizi waliokauka hadi wanavunjika ukiwakunja. Mwenye unyevu katikati ataoza safarini. Waanikeni tena siku moja, muwafunge mifuko miwili, katikati yake gazeti.

Asali ni kilo 2 kwa mtu. Hapa wengi wanakamatwa bila kujua, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji: chupa ya maji ya lita 1.5 ikijaa asali inapita kilo 2. Jazeni hadi chini ya shingo, mpime kwa mizani. Mawese yafungwe chupa yenye kizibo cha kusokota, mfuniko uzungushiwe nailoni, nayo yawe begi linalopakiwa chini ya ndege, maana begi la mkononi vimiminika ni mililita 100 kwa chupa. Yataganda kwa baridi. Yaacheni jikoni yatayeyuka.

Embe mbichi ziacheni, zinataka cheti cha afya ya mimea.

Hatua ya 9: Laini ya simu

Washeni huduma ya kupokea ujumbe mkiwa nje kabla ya kuondoka, na mjaribu kuingia benki kwa simu hiyo. Laini isiyotumika hufungwa, na ujumbe wa siri wa benki huja kwenye laini hiyohiyo. Mwachieni ndugu mmoja nakala za pasipoti na vyeti vyote kwenye bahasha. Karatasi halisi zote zikae begi la mkononi, za mke kwa mume na za mume kwa mke hapana: kila mmoja abebe zake, na cheti cha ndoa abebe yule anayemfuata.