Jinsi ya kufukua historia ya Subaru STI kabla hujatoa pesa

Gari la kupeleka watoto shuleni likikudanganya kilomita, utanuna siku mbili kisha maisha yaendelee. Impreza WRX STI, Subaru ya kasi yenye turbo, likikudanganya, utanunua injini. Mimi ni makanika Nairobi, na wateja wengi huniletea STI baada ya kulipa, wakati ushauri wangu umebaki wa kufariji tu. Hapa nazungumzia GDB, bodi ya 2000 hadi 2007.

Beba tochi, simu na daftari. Kwenye daftari chora safu tatu: tarehe, kilomita, na nani kasema. Kila utakachokipata kiingie humo, hata kama unakiona cha kipuuzi. Karatasi moja hughushiwa kirahisi. Kughushi karatasi sita zikubaliane tarehe na kilomita ni kazi, na walaghai wengi ni wavivu.

1. Anza na chesisi, si na logibuku

Fungua boneti. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Iwe na herufi GDB mbele. Ukikuta GDA, hiyo ni WRX ya kawaida, hata ikiwa imevalishwa bawa kubwa nyuma na beji ya waridi. Tena GDB lina giaboksi ya gia sita. WRX ya manyoa ya kuazima hukwama kwenye tano.

Pitisha kidole juu ya namba. Alama za grainda, weldingi kandokando au rangi mpya mahali hapo pekee ni sababu ya kufunga boneti na kwenda zako.

Kisha soma kibao cha modeli, humo humo ndani ya boneti. Kina msimbo wa rangi. 02C ni ile bluu ya Subaru inayojulikana. Gari likiwa jeupe na kibao kinasema 02C, lilipakwa upya, na lazima kuna aliyejua kwa nini.

2. Rekodi za NTSA

Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, uombe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nakala ya rekodi za gari kwa namba ya usajili. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya turbo. Linganisha jina la mwenye gari na kitambulisho cha anayekuuzia. Akisema "ni la shemeji", mwombe akupigie huyo shemeji simu ukiwa hapo. Benki ikiwa bado ina haki kwenye gari, hakuna mazungumzo ya bei mpaka iachilie.

Namba ya injini nayo isome kwenye chuma, juu ya bloku, karibu na inapoungana na giaboksi. Kubadilisha injini si dhambi; Grogan, soko la spea la Nairobi, kuna za kila aina. Dhambi ni kuibadilisha bila kuisajili, maana atakayeulizwa barabarani ni wewe.

Angalia pia umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo GDB la 2004 lilipaswa kuwa limeshaingia zamani, enzi za namba za usajili zinazoanza na KB. Ukiliona na namba ya KD, uliza mara mbili.

3. Karatasi za Japani

Mwombe muuzaji cheti cha kuuza gari nje ya Japani na karatasi ya mnada. Wengi watasema zimepotea, na mara nyingine ni kweli, gari likiwa limepita mikono minne.

Miaka huandikwa kwa kalenda yao. H ni Heisei: jumlisha 1988, basi H17 ni 2005. R ni Reiwa: jumlisha 2018. Karatasi ya mnada ina alama ya jumla. 4 na kuendelea ni gari la heshima, na R ni gari lililowahi kurekebishwa baada ya ajali. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipotengenezwa, XX ni paneli iliyobadilishwa. Ukiona XX kwenye boneti na W kwenye mudigadi mbili za mbele, unajua gari liligonga na upande gani.

4. Stika, hapa ndipo uongo hufia

Mafundi wa Japani hubandika stika kila wanapobadilisha oili, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Taimingi belti ikibadilishwa, stika nyingine hukaa ndani ya boneti. Walaghai hurudisha mita wakasahau stika.

Mteja wangu mmoja aliniita Ngong Road kuona STI la bluu, mita ikisoma 98,000. Nilifungua mlango, nikachuchumaa. Stika ya oili: H21, kilomita 121,000. Yaani 2009 lilikuwa limetembea kuliko lilivyotembea siku ile. Muuzaji alisema labda mlango ulibadilishwa. Tukamshukuru kwa taarifa hiyo ya ziada.

Vuta mshipi wa usalama mpaka mwisho. Kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Mishipi ya mbele ikiwa michanga kuliko gari, ulizia ajali. Vioo pia vina msimbo wa mwaka.

5. Maisha yake hapa nyumbani

Omba ripoti za ukaguzi wa thamani zilizofanywa kwa ajili ya bima. Watu huzisahau kwenye barua pepe, kumbe zina tarehe, picha na kilomita. Stakabadhi za spea nazo zihesabu.

Kisha mtafute fundi wake. Usimuulize kama gari ni zuri, maana atakujibu vizuri. Muulize ni oili gani anatia, ni lini aliifungua injini, na nani aliigusa kompyuta ya injini. Injini hizi zikiongezwa presha ya turbo na fundi wa kubahatisha, pistoni hupasuka pale ringi zinapokaa. Kwa hiyo jibu lolote la "iliongezwa kidogo tu" linadai kipimo cha kompreshani, yaani presha ndani ya silinda, kwa silinda zote nne, injini ikiwa moto, na namba ziingie daftarini.

6. Panga daftari

Panga mistari kwa tarehe. Kilomita zipande tu. Zikishuka popote, umemaliza. Pengo la miaka miwili bila mstari hata mmoja linahitaji maelezo: lilisimama uani, au lilikuwa kwa fundi wa bodi?

Likikubalika, muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki eCitizen kwa akaunti yake mwenyewe, mkiwa mmekaa meza moja, nawe uukubali kwa yako. Pesa zote zisitoke kabla ya hapo, hata akisema kuna mwingine anakuja saa kumi.