SOMO: Viini vinane vya prosesa, lakini viini gani?

Wadau, kuna swali naulizwa karibu kila wiki: "Hii simu ina viini vinane na GHz 2.3, si itakuwa kali?" Nami huuliza tu: viini gani? (Viini ni vile vitengo vya ndani ya prosesa vinavyofanya kazi; GHz ni kasi ya mapigo yake.)

Mkenge huo niliuingia mwenyewe. Simu mpya kabisa, karatasi ya kioo haijabanduliwa, ila nikiandika ujumbe herufi zinatokea kidole kikiwa kishafika kwingine. Nikipigiwa, mlio unaita na kitufe cha kupokea hakijaonekana. Kuja kuchunguza, viini vyote vinane ni Cortex-A53, muundo ambao ARM, kampuni inayobuni viini vya simu, waliutangaza mwaka 2012.

Hatua ya 1: Pata jina la chipu, yaani kile kipande chenye prosesa. Jina la simu halikusaidii, na neno "viini vinane" ndiyo kabisa. Ingia tovuti ya GSMArena, andika jina la simu, shuka hadi sehemu ya prosesa. Kama simu unayo mkononi, weka programu ya CPU-Z.

Hatua ya 2: Soma majina ya viini. Hapa ndipo penye somo lenyewe, msiparuke.

Chukua chipu mbili, Helio G35 na Helio G99. Zote zina viini vinane. G35 inafika GHz 2.3, G99 inaishia 2.2. Kwa kuhesabu tu, G35 imeshinda. Sasa tazama ndani: G35 ni A53 tupu (kifupi cha Cortex-A53, na nyingine hivyohivyo), G99 ina A76 mbili na A55 sita. Kwenye kazi inayotegemea kiini kimoja, A76 inamwacha A53 kwa zaidi ya mara mbili, na GHz zake ni pungufu.

Sababu ni hii. A53 hutekeleza maagizo kwa foleni: agizo la mbele likisubiri data kutoka kwenye RAM, yaliyo nyuma yanasimama. A76 ikiona agizo limekwama inaliweka pembeni, inaendelea na mengine yaliyo tayari. Isitoshe, kwa mpigo mmoja inabeba maagizo mengi zaidi. Na kufungua programu au kuburuza ukurasa ni kazi inayoangukia kiini kimoja au viwili, vingine vinakodoa macho tu. Ndiyo maana mimi huangalia zile mbili kubwa kwanza. A55 nayo bado ni ya foleni, ila yenyewe ipo kwa ajili ya kazi nyepesi na kutunza chaji.

Kwa simu za bei ya chini, A75 mbili ni pa kuanzia. A76 au A78 ukizipata, chukua.

Hatua ya 3: Mwaka wa chipu usikuzubaishe. Snapdragon 680, chipu ya Qualcomm, ilitangazwa 2021, lakini viini vyake vikubwa ni vya muundo wa A73, wa 2016. Chipu mpya, muundo mkongwe. Si chipu mbovu, imetengenezwa kwa nanomita 6 (sakiti ndogo zisizokula umeme sana) na chaji inakaa, ila usiilipie kama ni ya kasi.

Hatua ya 4: Angalia imetengenezwaje. Snapdragon 8 Gen 1 ilikuja na muundo mpya kabisa wa Armv9 (toleo la tisa la lugha ya maagizo ya ARM), ikasifika kwa kupata moto. Mwaka 2022 Qualcomm wakatoa 8+ Gen 1: viini vilevile, ila kiwanda kimehama kutoka Samsung kwenda TSMC. Joto likashuka. Chipu ikichemka inajipunguza spidi yenyewe, kwa hiyo muundo mpya unaochemka unaufaidi dakika chache tu za gemu.

Hatua ya 5: Aina ya memori ya kuhifadhia mafaili. Ziko aina mbili, UFS na eMMC. Kwa kifupi: chagua UFS kuliko eMMC, maana eMMC haisomi na kuandika kwa wakati mmoja. Prosesa kali yenye memori ya kobe bado itakugandia ukiwa unasasisha programu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwa hiyo nisubiri simu ya Armv9?
Hapana. Armv9 ilitangazwa 2021 na ina mambo yake mazuri ya usalama na hesabu nzito, ila programu zako zinafanya kazi vizuri tu kwenye Armv8. Angalia kiini, usinunue lebo.

Nimepata simu ya daraja la juu ya 2019 iliyotumika, Snapdragon 855. Na kuna mpya ya A75 kwa bei hiyohiyo. Nichukue ipi?
Kwa kasi, 855 inaiacha mbali: ina viini vinne vya muundo wa A76. Lakini kagua betri, maana ya miaka hiyo imeshachoka, na uangalie tarehe ya sasisho la mwisho la usalama kwenye mipangilio. Kama uko tayari kubadilisha betri na huweki mambo ya benki humo, chukua 855. Kama ndiyo simu yako pekee ya kila kitu, mimi ningeenda na mpya.

Bro mimi ni WhatsApp na kupiga picha tu, haya yananihusu?
WhatsApp hapana. Picha ndiyo. Ukibonyeza, kamera inaunganisha picha kadhaa kupata moja, na kazi hiyo inafanywa na chipu. Kabla hujalipa, omba uishike: piga picha tano mfululizo, kisha fungua ya mwisho uone inachukua muda gani kukaa sawa.

CPU-Z imeniandikia A53 nane. Nifanyeje?
Pole ndugu, karibu chamani. Futa programu usizotumia, tumia zile za toleo la Lite, na uache angalau robo ya memori wazi. Mimi yangu niliivumilia hivyo mwaka mzima.